Simu ya Wakati wa Kula

Mpishi wa nyumba ya wazee ndiye aliyenisimulia haya, juzi tukichambua mchele, naye si mtu wa kutia chumvi.

Muuguzi wa nyumba ile alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, gauni la kijani limemkaa, mara kijana mmoja akamkanyaga.

"Samahani, dada."

"Samahani haiponyi kidole, kaka."

Kumbe kijana katoka nchi ya mbali, kaja kujitolea kutunza wazee palepale kazini kwake. Wakamwita Mgeni. Kufumba na kufumbua, ikawa "umeamkaje, kipenzi?" asubuhi, "umekula, asali?" mchana, hata akaomba ndoa.

Muuguzi akamwambia asubiri. Kila jioni wakiwa matembezini, simu ya Mgeni ililia, naye akajitenga. Siku moja muuguzi akamnyatia, akasikia: "Kula kidogo tu, mke wangu. Siwezi kukuacha."

Hakuuliza. Akaomba zamu ya jioni ili wasionane.

Jioni ya kwanza ya zamu hiyo akamkuta mpishi kashika kijiko mbele ya bibi wa chumba cha mwisho, aliyepotewa na kumbukumbu.

"Sili mpaka mume wangu aniambie!"

Mume alishazikwa zamani. Mpishi akachungulia mlangoni kama msimamizi yupo, akapiga simu, akaibandika sikioni mwa bibi. Sauti ikatoka: "Kula kidogo tu, mke wangu."

Muuguzi akainyakua. "Kumbe mke wako ni huyu?"

"Yamenikuta! Mpenzi, msimamizi amekataza wazee kudanganywa. Ungejua ukanyamaza, wangekufukuza na wewe."

"Unadanganya vizuri mno. Zamu yangu ya kudanganywa lini?"

Mgeni akaapa hatamdanganya kamwe.

"Njoo. Umpigie mama yako mbele yangu, nisikie kama ananijua."

Mgeni akafika akihema, vifungo vya shati vimepishana. Akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mama, niko na yule muuguzi."

"Yule mkali? Mwanangu, akikukubali shukuru. Binti, anakoroma huyo, usije ukasema hukuambiwa!"

Muuguzi akacheka mpaka akajishika mbavu. "Basi nimekubali. Lakini mke mwenza ni huyu mmoja tu."

Mgeni akamshika mkono. Bibi akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Mume wangu, huyo mwanamke ni nani?"

Muuguzi akauchomoa mkono haraka. "Muuguzi tu, bibi."

"Hmm. Simwamini."

Wazee wengine walikuwa wameshalala. Bibi akabaki akimkodolea muuguzi jicho moja, la pili limeshafumbwa, mpaka usingizi ukamshinda.