Kompyuta Iliyovalishwa kama Bibi Arusi

Cate alikuwa na duka la kuchapa barua pale Free Area, Nakuru. Kila asubuhi alifagia, kisha akatandaza vitambaa alivyofuma kwa mkono wake. Kimoja juu ya skrini, kimoja juu ya mashine ya kompyuta, kimoja juu ya printa. Ndivyo alivyolelewa. Kwao kitu cha thamani hakikai uchi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mpya, nayo ilikuwa imepambwa hata ndani. Madirisha yake yaling'aa kama kioo. Ukifunga moja, lilififia polepole. Pembeni palikuwa na saa ya mishale na picha za maua zilizojibadilisha zenyewe. Wateja walisimama kutazama, na Cate alijiambia chema chajiuza.

Halafu ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi yakaja mapigano na kufukuzana, mambo ambayo mtu wa Nakuru hahitaji kusimuliwa. Kufikia Februari 2008, hakuna aliyeleta barua ya kuomba kazi. Watu walileta majina. Kanisa lilimwomba Cate achape orodha ya waliopotezana na jamaa zao. Kila Jumamosi saa sita, lori la kanisa lilipeleka chakula na orodha hiyo kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao, kule Gilgil. Huko majina yalisomwa kwa kipaza sauti.

Mzee Gachanja, mkulima wa viazi kutoka Molo, alimtafuta mkewe. Siku waliyofukuzwa walipandishwa malori mawili tofauti. Alimwomba Cate aandike hivi: Wangeci, miaka hamsini na minane, sweta ya kijani, gumbuti za shamba. Bwanake yuko hai Nakuru.

Jumamosi ya kwanza kompyuta ilimwangusha Cate. Alibonyeza herufi, akangoja, ndipo ikatokea. Mwishowe skrini ikaganda. Alizima, akawasha, na kazi yote ilikuwa imepotea. Lori likaondoka na mahindi na maharagwe bila jina hata moja. Cate alimwambia Gachanja pole, hiyo ni virusi, wiki ijayo orodha itaenda. Mzee alitoka akasimama kando ya barabara, akiangalia upande lori lilikoelekea.

Wiki nzima Cate hakumwita fundi. Aliipangusa kompyuta vumbi tu, akafua vitambaa.

Jumamosi ya pili alikuwa na majina mia mbili na kumi. Alipofika jina la arobaini, herufi zikaanza tena kuchelewa. Gachanja alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia magotini. Cate alishikwa na woga. Akampigia simu Ekta, binti wa Mohanlal mwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Ekta ndiye aliyetengeneza kompyuta nyingi za pale Nakuru.

Alifika saa nne na nusu. Aliweka mkono juu ya mashine akauondoa haraka, maana ilikuwa moto. Kitambaa kilikuwa kimeziba matundu ya hewa. Alikivuta, akakikunja vizuri, akampa mwenyewe. Kisha akachunguza ndani kwa dakika chache.

"Aunty, hii haina virusi," alisema. "Umeivalisha kama bibi arusi, halafu unaituma shamba."

Akaeleza kwamba kompyuta ina memori, nayo ni kama meza ya kufanyia kazi. Meza ya kompyuta hii ni ndogo. Vioo, vivuli, saa na maua, vyote vimepangwa juu yake, na orodha inakosa pa kukaa. Dawa ni kuondoa mapambo. Kazi haipotei, ni sura tu inayobadilika.

Cate alisita. Aliuliza kama vile vioo vinaweza kubaki, hata kidogo, kwa sababu wateja wanavipenda. Hapo Gachanja akainua kichwa.

"Msichana wangu, siku tulitoka Molo sikuona mtu amebeba kitambaa. Tulibeba watu. Na hata hao hatukuwabeba wote."

Cate aliona haya mpaka machozi yakamlengalenga. Akamwambia Ekta atoe yote.

"Shika mouse wewe mwenyewe," Ekta alisema. "Nikienda utabaki na nani? Kwanza save hiyo kazi, tusiipoteze tena. Sasa funga hiyo saa na hayo maua. Nenda kwa Computer, bonyeza upande wa kulia wa mouse, chagua Properties. Halafu Advanced system settings. Ikikuuliza ruhusa, kubali. Hapo kwa Performance, bonyeza Settings. Unaona hizo alama zote? Hizo ndizo nguo za arusi. Chagua Adjust for best performance, halafu OK."

Skrini ikatetemeka kidogo, kisha vioo vikatoweka. Madirisha yakabaki ya kijivu, yenye kona kali, kama ya ofisi ya chifu. Cate alibonyeza herufi moja, ikatokea papo hapo. Ekta akamwonya kwamba meza bado ni ile ile ndogo. Siku moja itabidi aongeze memori. Kwa sasa afungue kazi moja tu, na asave kila baada ya majina kumi.

Cate alichapa bila kuinua macho. Saa sita kasoro dakika kumi, printa ilitoa ukurasa wa mwisho. Gachanja alizibeba karatasi mwenyewe mpaka kwa Micah, dereva wa lori.

Jumatatu Micah alisimamisha lori mbele ya duka. Aliyeshuka nyuma yake alikuwa na sweta ya kijani, na kichwa kilichofungwa kitambaa cheupe. Gachanja alisimama pale mlangoni. Walishikana mikono, wakaendelea kushikana. Cate alifurahi hadi akacheka peke yake.

Ndipo fundo la kitambaa likalegea. Kichwa cha Wangeci kilikuwa kimenyolewa upara.

"Jumamosi ile ingine tulingoja," alisema kwa sauti ndogo. "Wakasema hakuna majina kutoka Nakuru, hakuna anayetutafuta. Nikajua nimebaki mjane. Nikanyolewa, vile mamangu alinyolewa alipofiwa na baba."

Cate aliacha kucheka. Alijua Jumamosi hiyo ilikuwa ipi, na ni nani aliyeiharibu.

Gachanja alichukua kile kitambaa, akamfunga mkewe tena, taratibu, kwa vidole vya mkulima visivyozoea kazi hiyo.

"Zitamea," alimwambia.

Vitambaa vya Cate viko kwenye droo hadi leo. Siku hiyo alisubiri hadi wawili hao walipovuka barabara, akajipangusa uso. Kisha akageukia skrini yake ya kijivu, na watu waliokuwa wamejaa benchini.

"Haya," alisema. "Nani mwingine?"