Kidonda Kisichotaka Asali

Nyumba ya Raymundi, pale Cheyo mjini Tabora, ilinukia asali mwaka mzima. Raymundi alikuwa mrina asali. Mizinga yake aliitundika porini, mwendo wa kutwa nzima kutoka mjini. Aliporudi na mzigo wake, mkewe Pelagia aliikamua asali, akaichuja, akaijaza kwenye chupa. Nta waliiyeyusha na kuiuza sokoni.

Katika nyumba hiyo asali ilikuwa chakula, na ilikuwa dawa pia. Mtu akijikata kwa jembe, Pelagia alichemsha maji, akaosha kidonda, akapaka asali. Mtoto wa jirani akiungua kwa uji, aliletwa kwa Pelagia. Na kusema kweli, vidonda vilipona. Kwa hiyo, msomaji, usimcheke haraka kwa lile alilolifanya baadaye.

Mambo haya yalitokea miaka michache baada ya Vita vya Hitla, Waingereza wakitawala Tanganyika. Pelagia na Raymundi walikuwa na binti mmoja, Tekla. Aliolewa na Marko, dereva wa magari ya serikali kule Mbeya. Tekla alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakuishi. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Aliwaletea wazazi wake neno moja tu: "Safari hii nataka mama awe karibu yangu."

Ilikuwa masika. Barabara ya kwenda Mbeya kupitia Sikonge ilikuwa tope tupu, na malori yalizama humo siku kadhaa. Basi Marko akamkatia mkwewe nafasi katika ndege.

"Mama Tekla," Raymundi alimtania mkewe, "mimi napanda miti tu watu wananionea huruma. Wewe unakwenda kupanda mawingu."

"Naogopa, Baba Tekla," alisema Pelagia. "Ningepewa njia nyingine, ningeifuata. Lakini mtoto ameniita."

Kabla ya siku ya safari, ndui iliingia. Wagonjwa wa kwanza walionekana upande wa Kaliua, kisha mmoja mjini. Safari za ndege zikapunguzwa. Ndege iliyokuja mara mbili kwa wiki sasa ilikuja mara moja. Ikatangazwa kwamba abiria asiyechanjwa hapandi.

Watu wa Cheyo waliitwa uwanjani kuchanjwa. Mchanjaji alikuwa Jilala, dresa wa hospitali, yaani msaidizi wa daktari, kijana mpole aliyezaliwa Choma. Pelagia alipanga mstari na wenzake. Zamu yake ilipofika, Jilala alimdondoshea tone la dawa mkononi, chini kidogo ya bega. Kisha akachomachoma ngozi hapo kwa ncha ya sindano.

"Mama, usioshe hapa, na usipake kitu," alimwambia. "Paache hivi hivi."

Pelagia alisikia vizuri. Lakini alidhani anakatazwa dawa za dukani na majani ya waganga. Asali kwake haikuwa kitu cha kukatazwa. Alifika nyumbani, akachemsha maji, akaosha mkono wake kwa maji ya moto. Kisha akapaka asali, akafunga kitambaa safi. Baada ya siku chache ngozi ilikuwa laini, haina hata alama. Pelagia alifurahi sana.

Siku ya safari Raymundi alimsindikiza mpaka kiwanja cha ndege. Pelagia alivaa khanga mpya, na mkononi alikuwa na kikapu chenye chupa kubwa ya asali ya Tekla. Karani wa ndege aliwapima abiria kwenye mizani, mmoja mmoja pamoja na mizigo yao. Pelagia alisimama juu ya mizani akiwa amebana pumzi.

"Pumua tu, mama," karani alisema. "Hewa haina uzito."

Pembeni Jilala alikaa nyuma ya meza, akitazama mikono ya abiria. Mwenye duka la vitambaa alikunja shati. Mwanamke wa Kizungu naye alikunja mkono wa gauni lake kama wengine. Kila mmoja alikuwa na kipele kikubwa au kovu.

"Shikamoo mama," Jilala alisema.

"Marahaba, mwanangu. Tazama, mimi changu kimepona kabisa."

Jilala alitazama. Akaushika mkono, akaugeuza penye mwanga. Uso wake ukabadilika.

"Mama, ulifanya nini hapa?"

"Niliosha kwa maji ya moto, nikapaka asali. Asali safi, ya mume wangu."

Jilala aliweka kalamu chini. "Mama, asali ni dawa nzuri ya kidonda. Lakini kile nilichokutia hakikuwa kidonda. Ilikuwa mbegu. Ukifukia mahindi, halafu ukamwagia shimo maji ya moto, utavuna?"

"Sitavuna."

"Basi ndivyo ilivyokuwa. Ile dawa ni kitu hai. Ni ugonjwa mdogo, ndugu wa ndui. Mwili ukipambana nao, unajifunza kuishinda ndui yenyewe. Alama ya kwamba mwili umejifunza ni kipele. Kinatoka, kinajaa maji, kinakauka, mwishowe kinaacha kovu. Chako hakikutoka. Ni kama hukuchanjwa."

Pelagia alikiweka kikapu chini. "Lakini mimi siumwi, mwanangu. Nina nguvu zangu. Kwa nini mnizuie?"

"Leo huumwi. Ndui hujificha mwilini karibu wiki mbili kabla ya kujionyesha. Mtu anakula, anacheka, anapanda ndege. Homa inampata kule alikokwenda." Jilala alikitazama kile kikapu. "Mama, Mbeya unakwenda kumpokea nani?"

"Mjukuu wangu," alijibu Pelagia kwa sauti ndogo.

Jilala alichukua sindano. Alimchanja upya palepale, mkono wa pili.

"Safari hii usioshe mpaka pakauke," alisema. "Kitawasha, usikikune. Unaweza kupata homa kidogo na kuvimba kwapani, usiogope. Gamba usilibandue, litaanguka lenyewe. Nione baada ya siku nane. Ndege ya wiki ijayo itakuwa mapema mno. Utapanda ile inayofuata."

Ndege ilinguruma kama mzinga ulioguswa, ikaondoka bila yeye. Pelagia aliitazama mpaka ikapotea. Alimkasirikia Jilala, na alijikasirikia mwenyewe zaidi. Njia nzima ya kurudi Cheyo Raymundi alibeba kikapu.

Siku tatu baadaye alikuja Limbu, kijana wa jirani aliyekuwa utingo wa lori.

"Shikamoo mama. Nasikia ndege imekukataa. Kesho sisi tunakwenda Mbeya kupitia Sikonge. Tope lipo, tutasukuma. Lakini gari letu halitazami mkono wa mtu."

Moyo wa Pelagia uliruka. Raymundi alikuwa akitengeneza mzinga, akaacha kugonga.

"Mama Tekla, dresa alisema ungoje."

"Dresa hakuzaa watoto wawili akawazika wote wawili," alisema Pelagia. "Tekla atanilaumu maisha yake yote."

Raymundi akaurudia mzinga wake, akamwacha aamue. Asubuhi alimpeleka mpaka sokoni, lori lilipokuwa likipakia. Pelagia alipanda, akakaa juu ya magunia. Karibu yake alikuwa amekaa mwanamke amejifunika blanketi, anatetemeka.

"Baridi, dada?" Pelagia alimuuliza.

"Ni homa," alijibu yule mwanamke. Jina lake lilikuwa Maua. "Tangu juzi kichwa kinaniuma, na mgongo kama umevunjika. Nakwenda kwetu Sikonge, mama yangu aniuguze."

Maua aligeuka. Penye paji la uso, jua la asubuhi lilionyesha vipele vidogo vidogo.

Pelagia alivitazama vile vipele. Kichwani alimwona Tekla. Akaona mikono yake mwenyewe ikimpokea mtoto mchanga ambaye mwili wake haujajifunza chochote. Swali la Jilala likamrudia: Mbeya unakwenda kumpokea nani? Akashika kikapu chake, akashuka.

"Limbu, gari lisiondoke," alisema. "Mwite dresa. Una mgonjwa juu."

"Mama, utatuharibia safari."

"Imekwisha kuharibika, mwanangu. Kimbia."

Limbu alimtazama, kisha akakimbia. Watu wengine walianza kunung'unika na kumsogelea Maua kwa hasira. Pelagia alisimama kati yao na Maua, hatua chache kutoka kwenye lori.

"Mwacheni. Hakujua. Hata mimi nilikuwa nakwenda bila kujua napeleka nini."

Jilala alifika na wenzake. Walimchukua Maua kwa upole mpaka nyumba ya wagonjwa wa ndui, mbali na watu, akahudumiwa huko. Wasafiri wote, waliochanjwa na wasiochanjwa, waliandikwa, wakakatazwa kutoka mjini. Ambao hawakuchanjwa walichanjwa siku ileile. Limbu alikuwa wa kwanza kukunja shati, pengine kwa sababu alikuwa amembebea Maua mzigo.

Kisha Jilala akamgeukia Pelagia. "Mama, umefanya jambo kubwa. Lakini umekaa karibu naye. Sasa sharti ungoje zaidi ya wiki mbili, tukutazame kila siku."

"Basi na ndege ile nayo itaniacha."

"Itakuacha, mama. Samahani sana."

Pelagia alilia, akiwa amekaa juu ya kikapu chake. Alipomaliza kulia alijifuta kwa upindo wa khanga.

"Nitangoja," alisema.

Marko alipelekewa habari kwa simu, naye akampeleka Tekla hospitali mapema ili wakunga wamwangalie. Pelagia alikaa nyumbani. Mkono wake ulifanya yote aliyoyasema dresa. Kipele kilitoka, kikajaa maji, kikawasha usiku na mchana. Jioni moja Raymundi alimwona anauma meno kwa kuwashwa. Akainuka, akarudi na bakuli la asali.

"Kidogo tu, mke wangu. Unateseka."

"Baba Tekla, rudisha asali yako chunguni," alisema Pelagia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kiwanja cha ndege, walicheka.

Kila asubuhi Jilala alipita kumtazama. Homa ya ndui haikuja. Siku za kungoja zilipokwisha, Maua naye alikuwa anaendelea kupona, ingawa uso ulibaki na makovu. Wasafiri wawili wa lile lori walipata ndui. Kwa kuwa walichanjwa mapema, iliwapata kidogo, wakapona. Hakuna aliyefika nayo Sikonge wala Mbeya.

Pelagia alirudi kiwanja cha ndege na kikapu chake. Karani alimpima tena.

"Mama, umepungua," alisema. "Chupa ndiyo haijapungua."

Jilala alitazama mkono, gamba jeusi likiwa limekaa imara katikati. Akatabasamu, akagonga muhuri kwenye cheti chake cha chanjo.

"Safari njema, mama. Msalimie mjukuu."

Ndani ya ndege Pelagia alifumba macho, akashika rozari. Alipoyafumbua aliona misitu yote ya Raymundi imelala chini yake, haina mwisho. Woga ulimwisha kidogo, akatazama mpaka shingo ikamwuma.

Marko alimpokea Mbeya, akampeleka hospitali moja kwa moja. Tekla alikuwa amekaa kitandani, amepakata kitu kilichofunikwa. Mtoto alikuwa wa kike, amezaliwa juzi yake. Alikuwa hai, ananyonya.

"Mama," Tekla alisema, na machozi yakamtoka. "Umechelewa."

"Nimechelewa, mwanangu," alisema Pelagia. "Lakini sikukuletea ugonjwa."

Alinawa mikono, akampokea mtoto. Alimshika bila hofu hata kidogo. Wakamwita Leonia.

Pelagia alikaa Mbeya mpaka mvua zilipokwisha. Leonia alipokuwa amenenepa mashavu, wachanjaji walifika mtaani kwao. Tekla alichanjwa, na mtoto akachanjwa. Leonia alilia sana, na Tekla alirudi nyumbani amemkumbatia, roho inamwuma. Aliweka maji jikoni. Akachukua kitambaa safi. Kisha akaitoa kabatini chupa ya asali iliyotoka Tabora, akaifungua, maana ndivyo alivyolelewa na mama yake.

Pelagia aliinuka. Aliichukua chupa mikononi mwa binti yake, akaipeleka mezani. Maji nayo aliyaacha jikoni yachemke.

"Tia majani, tunywe chai," alisema. "Asali hii ni yetu mimi na wewe. Mkono wa mtoto uache hivi hivi."