Masikio ya Kuazima

Kila akitoka shule, Chapuchapu alipitia kwanza kwenye chumba cha mjomba wake, fundi cherehani. Jina hilo alipewa na mjomba mwenyewe, kwa vile alitunga uzi kwenye sindano kufumba na kufumbua. Alipenda kumtazama akikata kitambaa. Weee, fundi yule! Chaki mara moja, mkasi mara moja, na koti linamkaa mtu kama alizaliwa nalo.

Mjomba alikuwa na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Alimeza dawa kila siku, lakini mara mojamoja alisikia sauti za watu wasiokuwepo. Muuguzi aliyemtembelea nyumbani aliwawekea makubaliano: mjomba akiwa na shaka aulize, "Umesikia?" na Chapuchapu ajibu ukweli mtupu. Kuuliza hivyo kunataka moyo, na Chapuchapu alimheshimu mjomba kwa hilo kuliko hata kwa makoti yake.

Jumanne moja mjomba alikuwa akishona koti la mwalimu mkuu, kazi yake kubwa ya kwanza tangu atoke hospitali.

"Umesikia? Wanasema ninaharibu kitambaa."

"Sijasikia, mjomba."

Akauliza tena, na tena, machozi yakimlengalenga. Chapuchapu akaingiwa na huruma, akaona bora amridhishe. "Ndiyo, nimesikia."

Lo! Mjomba aliweka mkasi chini, akavua utepe wa kupimia shingoni, akafunika cherehani. Siku mbili hakushona, wala hakula vizuri. Muuguzi akasema asipotulia kufikia Jumamosi, itabidi arudi hospitali.

Bibi, mama yake mjomba, alilia jikoni. "Ni mimi! Watu wamesema tangu zamani, ukali wangu ndio uliomvuruga mwanangu."

Chapuchapu aliposikia bibi anajibebesha lawama, aliona aibu. Akaenda moja kwa moja kwa mjomba.

"Mjomba, nilikudanganya. Sikusikia kitu. Nilikuonea huruma tu."

Mjomba akainua uso. "Na sasa je? Unasikia nini?"

"Mvua. Na bibi anakwangua sufuria utadhani imemkosea."

Mjomba akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Akafunua cherehani.

Jumamosi mwalimu mkuu aliondoka amevaa koti lake, akijigeuzageuza njia nzima. Muuguzi akaketi na bibi na mjukuu wake.

"Mama, zamani hata wataalamu waliwalaumu akina mama. Walipochunguza zaidi, hawakupata ushahidi. Ugonjwa huu una mizizi mingi: maumbile ya mtu, ubongo wake, na misukosuko ya maisha. Si wewe uliyempa. Ila makelele na lawama humwongezea mzigo, kwa hiyo sema naye taratibu."

Akamgeukia Chapuchapu. "Wala wewe hukumletea ugonjwa. Lakini mtu anayeyatilia shaka masikio yake huazima ya kwako. Ukimdanganya kwa huruma, umemwacha peke yake. Ulivyorudi kusema kweli, ulifanya la maana sana."

Chumbani cherehani ikanyamaza. "Umesikia?" mjomba akaita.

"Sijasikia!" Chapuchapu akajibu.

Bibi, ambaye miaka yote alijibu kwa kufoka, akainuka, akaenda hadi mlangoni, akasema polepole, "Hata mimi sijasikia, mwanangu. Endelea na kazi."

Cherehani ikaanza tena.