Kasuku na Mkono wa Mpishi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alifagia nywele katika saluni ya shangazi yake. Nywele za jana zilikuwa zimetapakaa chini ya viti vitatu, na redio iliyokaa juu ya kabati la mafuta ilikuwa imeshawashwa. Bila redio, ufagio haukusogea. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na haukupita wimbo redioni akashindwa kuuiga. Aliiga sauti, akaiga pumzi, akaiga hata kikohozi cha mwimbaji mmoja aliyerekodi akiwa na mafua. Ndiyo maana wateja walimbandika jina la Kasuku, naye akalipenda kuliko jina lake halisi.

Wimbo aliouhusudu zaidi ulikuwa wa mwanamke anayeimba huku analia. Katikati ya ubeti wa pili mwanamke huyo hukwama, huvuta kamasi, kisha huendelea kwa sauti ya kutetemeka. Kasuku alikwama palepale, akavuta kamasi vilevile, na ufagio wake ukatetemeka pia.

"Jamani, mtoto ana kipaji huyu!" alisema mteja aliyekuwa anasukwa. "Nywele zote zimenisimama."

"Zimesimama kwa sababu nazivuta," alijibu shangazi. "Na wewe Kasuku, pitisha ufagio chini ya kiti. Wimbo hauzoi taka."

Shangazi hakuwa mtu wa kusifia. Alikuwa amemlea Kasuku tangu akiwa na miaka mitatu, akamlisha, akamvisha, akamsomesha, na maneno makali akampa bure.

Wiki hiyo shuleni kulikuwa na habari moja tu. Mpishi wa shule, mama aliyepika pale miaka thelathini, alikuwa anastaafu. Mwalimu wa kwaya alitunga wimbo wa kumuaga, na siku ya Jumatatu akamtangaza Kasuku kuwa kiongozi wa wimbo. Kichwa cha Kasuku kikavimba papo hapo.

"Ila kuna sharti," alisema mwalimu. "Hatuimbi habari za mtu tusiyemjua. Kuanzia kesho, nusu saa kabla ya kengele, utakwenda jikoni kumsaidia mpishi. Umtazame, umsikilize. Siku nne, hadi Ijumaa. Umeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu," alijibu Kasuku, huku anawaza mambo ya nguo atakayovaa.

Kesho yake alikwenda, tena alifika mpaka mlangoni. Jiko la shule lilikuwa chumba kirefu chenye kuta nyeusi, na moshi ulitoka kana kwamba ulikuwa unafukuzwa. Ndani, karibu na sufuria kubwa, alikaa msichana wa darasa lake anamenya viazi. Mama yake msichana huyo alifanya usafi hospitalini na aliingia kazini alfajiri, kwa hiyo mtoto alifika shuleni kabla ya watu wote na kukaa jikoni. Alikuwa na sauti nzito, yenye kukwama kooni. Kasuku ndiye aliyempachika jina la Mkwaruzo, na darasa zima lilikuwa limelidaka.

"Ingia, kisu kingine kile pale," alisema Mkwaruzo bila kuinua macho.

"Niingie kwenye moshi huo? Sauti yangu si ya kuchezea. Wewe yako imeshaharibika, kaa tu."

Mkwaruzo alitupa kiazi kwenye ndoo kwa nguvu hadi maji yakaruka. "Basi toka mlangoni. Unatuzibia mwanga."

Kasuku aliondoka, na hakurudi tena. Kila alipoulizwa na mwalimu, alijibu kwamba ametoka jikoni sasa hivi. Siku ya nne alijipaka hata masizi kidogo kwenye shavu ili uongo wake uwe na ushahidi.

Ijumaa kwaya ilikusanyika darasani kwa mazoezi. Kasuku alisimama mbele, akafumba macho, akaanza ubeti wa pili. Maneno aliyoyatunga mwalimu yalikuwa haya:

*Umeamka mbele yetu, jiko umeliwasha,*
*Mkono wa kushoto ndio uliotulisha.*

Kwenye neno "umeliwasha" Kasuku alikwama, akavuta kamasi, kisha akaendelea kwa sauti ya kutetemeka. Na alipofika mstari wa pili akaimba "mkono wa kulia". Alikuwa ameubadilisha mwenyewe. Aliona mwalimu amepitiwa, maana ni nani asiyejua kwamba chakula hakigawiwi kwa mkono wa kushoto? Kumwimbia mtu mzima hivyo mbele ya wageni si ni kumvunjia heshima?

Mwalimu aliinua mkono, kwaya ikanyamaza.

"Kwanza, unalia nini kwenye jiko kuwashwa? Moshi?"

Kwaya ikaangua kicheko. Kasuku akahisi masikio yanawaka moto. "Ndivyo wanavyoimba, mwalimu. Hapo ndipo watu husikia uchungu."

"Uchungu wa nini?"

 Kasuku hakuwahi kujiuliza yule mwanamke wa redioni alilia nini.

"Na pili, nimeandika kushoto. Kulia umekutoa wapi?"

"Nimesahihisha, mwalimu. Mpishi anapakua kwa mkono wa kulia. Nimemwona mwenyewe, wiki nzima nilikuwa naye."

Kicheko kilikatika. Wenzake walimkodolea macho. Kutoka mstari wa nyuma ikasikika ile sauti nzito.

"Mwongo! Hujatia mguu jikoni hata siku moja. Mkono wa kulia wa mpishi haukunji vidole. Hata upawa haushiki."

"Umetumwa? Nyamaza wewe na mkwaruzo wako!" Kasuku alifoka.

"Nyamaza wewe," alisema mwalimu, tena kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Miaka mitano mama huyu anakupakulia chakula, na hujui anakupakulia kwa mkono upi. Rudi mstari wa nyuma. Kiongozi wa wimbo atakuwa huyu."

Mkwaruzo alipita mbele. Baadhi ya watoto walibana vicheko vyao wakisubiri kituko. Akaimba bila kufumba macho. Alitazama dirishani, upande wa jikoni, na maneno yakatoka moja moja, mazito, bila pambo lolote. Alipofika kwenye mkono wa kushoto, waliokuwa wanabana vicheko walijikuta wametulia. Kasuku naye vinyweleo vilimsimama, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi ya yote.

Alifika nyumbani amefura. Aliubamiza mlango wa saluni, akabwaga begi, akaanza kumwaga yake. Mwalimu ana upendeleo. Mkwaruzo ni mchongezi, sauti yake ni ya mlango usiotiwa mafuta. Mwishowe akasema, "Na yote hayo kwa ajili ya neno moja! Mimi nimekosea nini, shangazi? Eti mkono wa kushoto ndio uliotulisha. Mkono wa mpishi yule mzee, eti haukunji vidole!"

Chanuo lilisimama katikati ya kichwa cha mteja.

"Ulimwambia mwalimu umemwona anapakua kwa mkono wa kulia?" aliuliza shangazi.

"Ndiyo, lakini…"

"Kwa hiyo umedanganya juu ya mkono ule."

Shangazi alimwomba mteja amvumilie kidogo, akamshika Kasuku kiwiko na kumpeleka chumba cha nyuma, penye ndoo na taulo. Kasuku alidhani anakwenda kuchapwa. Lakini shangazi alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, uso umemkauka.

"Nilikuwa na miaka tisa, nasoma shule hiyohiyo yenu. Tulikatazwa kukimbizana kwenye foleni ya chakula, mimi nikakimbia. Nikateleza, nikaenda moja kwa moja kwenye sufuria inayochemka. Mpishi akatia mkono wake kati yangu na yale maji. Mimi sikuungua hata kidole. Mwalimu mkuu alipouliza nani alikuwa anakimbia, nikasema sijui. Mpishi alikuwa analia kwa maumivu, lakini alinisikia. Akasema ameteleza mwenyewe." Shangazi alikunja taulo lililokwisha kukunjwa. "Miaka ishirini na mbili nazunguka mtaa wa nyuma ili nisipite kwenye lango la shule ile. Sikwenda kumwomba radhi. Hata asante sijamwambia. Sasa wewe, mtoto niliyemlea mimi, unakwenda kuniongezea uongo wa pili juu ya mkono uleule!"

Kasuku alitaka kusema hakujua, lakini alikumbuka kwamba kujua ndiko alikotumwa. Machozi yakamtoka. Hayakutoka vizuri kama ya redioni, yalitoka na makamasi ya kweli.

"Jumatatu alfajiri utakuwa jikoni," alisema shangazi. "Na usiimbe. Menya viazi."

Jumatatu Kasuku aliingia kwenye moshi. Mpishi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Umekuja kuniangalia kama maonyesho?"

"Nimekuja kumenya, mama. Na niliwadanganya watu kwamba nilikuwa hapa wiki iliyopita. Nisamehe."

"Ukimenya ganda nene hivyo sikusamehe. Unatupa nusu ya kiazi."

Alimenya siku tatu. Macho yalimwasha, vidole vilimchubuka, na Mkwaruzo, aliyekaa ng'ambo ya ndoo, hakumsemesha. Kasuku alimtazama mpishi. Aliona jinsi alivyoinua upawa kwa mkono wa kushoto, na jinsi mkono wa kulia ulivyofichwa kwenye mfuko wa aproni, ukitoka tu kuegemeza sufuria. Aliona pia kwamba watoto wanaochelewa foleni waliwekewa pembeni bakuli zilizofunikwa, na hakuna aliyetangaziwa. Yeye mwenyewe alikuwa amekula bakuli hizo mara nyingi, kwa kuwa alichelewa sana akijitazama kwenye kioo cha chooni.

Siku ya tatu alimweleza Mkwaruzo habari za shangazi. Hakujua kwa nini amemweleza adui yake. Labda kwa sababu ndiye pekee ambaye angeelewa mkono ule. Mkwaruzo alisikiliza, akaendelea kumenya.

Siku ya kuaga, uani palijaa wazazi na walimu. Hotuba zilikuwa ndefu, na mpishi alitazama saa kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Kwaya ilipokuwa inajipanga, Mkwaruzo alimvuta Kasuku mkono wa shati.

"Ule mstari wa mkono uimbe wewe. Nimeshamwambia mwalimu, amekubali."

"Kwa nini unipe?"

"Sikupi wewe. Shangazi yako yuko pale nyuma, nimemwona, amejificha nyuma ya nguzo. Mstari huo ni wake. Usidhani nakupenda. Na ukivuta kamasi, nakukanyaga mguu mbele ya watu."

Mkwaruzo alianza, imara, macho yake kwa mpishi. *Umeamka mbele yetu, jiko umeliwasha.* Kisha akanyamaza, ikawa zamu ya Kasuku.  Hakukumbuka mwimbaji yeyote wa kumwiga. Alimtazama mpishi, akauona mfuko wa aproni na mkono uliojificha ndani yake, akaimba maneno kama yalivyoandikwa. Sauti ilitoka ndogo, ikapasuka kwenye neno la mwisho, mahali ambapo hakupanga, na hakujaribu kuiziba.

Hakuna aliyepiga makofi.  Mpishi alisahau saa. Ndipo shangazi alipotoka nyuma ya nguzo, akapita katikati ya viti, akapiga magoti mbele ya mpishi na kuushika mkono wa kulia.

"Ni mimi niliyekuwa nakimbia, mama," alisema, na watu wote wakasikia.

"Nilikuwa najua," alijibu mpishi.  "Umechukua muda mrefu kufika, na foleni yenyewe haikuwa ndefu hivyo. Inuka, unachafua gauni."

Baadaye, walipokuwa wanapanga viti, Kasuku alimwendea mwalimu kuomba radhi kwa uongo wake. "Na samahani, mwalimu. Sauti imenipasukia."

"Imepasuka, na hakuna atakayeisahau," alisema mwalimu. "Kipaji cha sauti umezaliwa nacho, hukukifanyia kazi yoyote, kwa hiyo usikiringie. Kazi ya mwimbaji ni kumjua anayemwimbia na kuamini anachokisema. Machozi ya kuazima, watu huyanusa mara moja. Kudanganya kwa maneno na kudanganya kwa wimbo ni tabia moja, na wewe ulidanganya kwa vyote viwili. Leo umeimba ukweli, ndiyo maana watu wametulia."

Mkwaruzo alipita na viti viwili begani. "Bado sijakusamehe lile jina," alisema.

"Nimeliacha."

"Tutaona." Akamtupia kiti kimoja abebe.

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, Kasuku alikuwa anafagia saluni kabla ya kwenda shule. Redio ilianza wimbo wa yule mwanamke anayelia, na mteja wa siku zote akapiga makofi kitini.

"Haya, Kasuku! Tuimbie huo, na kile kilio chake!"

Kasuku alisimamisha ufagio, akausikiliza ubeti wa pili mpaka mwisho.

"Huo siuwezi, mama," alisema. "Sijui huyu dada alikuwa analilia nini."

 Shangazi alinyoosha mkono, akazima redio, kisha akauchukua ufagio kutoka kwa Kasuku na kufagia mwenyewe chini ya kiti.