Nusu ya Chini ya Uso wa Hooyo

Kompyuta ilikuwa imezimwa, waya wake umechomolewa, na bado ilinuka uunsi, ubani wetu wa kufukiza. Weris aliinusa mara mbili, pamoja na chipu nane za kumbukumbu zilizokuwa juu yake. Hakuna aliyekuwa amefukiza chochote nyumbani siku hiyo.

"Shuaib, hizi chipu umezitoa wapi?"

"Nimenunua hapa sokoni Garissa, wallahi," kaka yake akajibu bila kuinua macho.

Mwongo mkubwa! Hooyo, mama yao, alifariki siku aliyomzaa Weris, bila kuacha hata picha moja. Baba yao, mwalimu Nunow, aliuchora uso wa mkewe nukta kwa nukta kwenye kompyuta ya chuoni. Ile aliyoinunua ya nyumbani ilikuwa na kumbukumbu ndogo ya picha, ikaonyesha paji na macho tu. Kuanzia puani kwenda chini, giza. Miaka thelathini Weris aliangalia nusu ya mama, na Shuaib, fundi wa simu, aliahidi kumletea nusu iliyobaki.

Adhuhuri, watu wakiwa wamejilaza kukwepa joto, Shuaib alizipachika zile chipu nane kwenye nafasi zilizokuwa tupu, akawasha. Uso ukashuka mstari kwa mstari: pua, mashavu, mdomo. Weris akalia. Kidevu kile kilikuwa chake mwenyewe.

Kisha mdomo ukafunguka.

"Wewe ni wa nani?" sauti kavu ikauliza.

Huku kwetu mgeni akiuliza hivyo, unamtajia ukoo wako, baba hadi babu wa kumi. Tunafunzwa kabla ya kujua kusoma. Shuaib akajibu kwa mazoea. "Shuaib Nunow Abdimalik Salah..." akaendelea babu baada ya babu, huku uunsi ukizidi hadi macho yakawasha, huku kuku uani wakinyamaza wote kwa pamoja, huku Weris akimvuta shati na kumnong'oneza anyamaze, anyamaze kwa jina la Mungu, naye akashindwa kuufunga mdomo wake mpaka jina la mwisho lilipotoka.

Uso ukatabasamu.

"Nilizitoa Liboi, kule mpakani," Shuaib akanong'ona. "Kwenye nyumba iliyoungua. Wenyeji walinikataza nisiingie. Sikusema hata bismillahi."

"Ukaniapia!" Weris akamtupia kiatu. "Umeweka jini kwenye uso wa hooyo, halafu ukampa ukoo wetu mzima! Mjinga wewe!"

Sheikh Yahye, waliyemwita mbio, alifika kabla ya alasiri. Alisoma Ayatul Kursi mpaka skrini ikalia kama mafuta ya moto. "Zing'oeni," akasema. "Zirudi zilikotoka."

"Walaal, dada yangu, utampoteza hooyo," Shuaib akasema.

Weris alizing'oa moja moja, zikimuunguza vidole. Kidevu kikaenda, mdomo ukaenda. Harufu ikaisha, na chuki yake kwa kaka yake ikabaki palepale.

Sheikh akamgeukia Shuaib amjaribu kama yu mzima. "Kijana, wewe ni wa nani?"

"Shuaib Gubane Nunow Abdimalik..."

"Gubane ni nani?" Weris akafoka.

Shuaib akamshangaa dada yake, na uunsi ukamtoka kinywani.

"Si baba yangu?"

Weris akazitazama zile chipu kiganjani. Alikuwa amempoteza mama yake bure.