Waya Mtupu Uani

Ua wetu una hatua tisa kwa saba. Nimeupima kwa miguu yangu mwenyewe. Ndani yake kuna karo la kufulia, mapipa mawili ya maji na kamba ya kuanikia nguo. Watoto wanacheza hapo hapo, maana nje ya geti magari yanapita ovyo.

Baba watoto ni fundi cherehani. Akifunga kazi jioni anakaa kwenye redio yake. Si ya kusikiliza tu. Ni redio ya ridhaa: anayo leseni ya kuongea hewani na wenzake wa mbali, bila biashara. Majirani wamembandika jina la Bwana Hewani. Mimi sikumkataza. Kaka yake anapima ardhi mahali ambapo simu hazishiki, na redio ndiyo inayotuletea sauti yake.

Lakini jioni sauti ya shemeji inafika vizuri kwenye masafa ya chini ya redio. Masafa ya chini yanataka waya mrefu sana, kama mita arobaini. Ua wetu haufiki hata robo ya hapo. Basi akauzungusha waya ukutani, kona hadi kona, usawa wa kichwa changu. Ncha yake akaifunga kwenye nguzo ya kamba yangu ya nguo. Nikamuuliza kama una umeme. Akacheka.

"Mama watoto, huo ni waya mtupu."

Maneno hayo yananichoma mpaka leo. Mimi nilielewa kwamba hauna kitu ndani. Kwa hiyo kamba ilipojaa, nguo zilizobaki nilizianika kwenye waya. Wewe ungefanya nini?

Jumamosi moja, jua halijazama, binti yangu wa miaka sita alipanda juu ya ndoo kuanua sare yake ya shule. Wakati huo huo baba yake alikuwa ndani ameanza kuongea na redio. Nilisikia mtoto anapiga kelele. Alikuwa ameshika ncha ya waya. Vidole viwili vilikuwa na alama nyeupe, kama vimeguswa na pasi ya moto.

Niliviweka chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha tukaenda zahanati. Muuguzi alituambia kidonda cha namna hii kinaonekana kidogo nje, kumbe ndani kimeingia. Tusikidharau, turudi akitazame tena. Aliniuliza mtoto ameungua na nini. Nikamwambia waya wa redio. Akanitazama kama ninayemficha jambo.

Nyumbani nililipuka. Baba watoto alikuwa anarudia jambo lile lile, kwamba umeme wa ukutani haumo kwenye waya ule.

"Haumo, na mtoto ameungua," nikamwambia. "Umemuunguza na nini, na salamu?"

Akaenda kuizima redio. Nikadhani amejifunza. Kesho yake nikamkuta anaegemeza ngazi kwenye ukuta wa mbele, waya mpya umeviringishwa begani. Alitaka kuupitisha juu ya barabara, juu ya nyaya za umeme, hadi kwenye paa la mwenye duka wa ng'ambo. Ati huko watoto hawatafika.

Niliikumbatia ngazi. "Ukipanda, panda na mimi mgongoni." Mkono mmoja kwenye ngazi, mwingine kwenye simu, nikampigia Mama Mitambo. Huyu ni mstaafu wa ofisi ya mawasiliano. Ndiye aliyemfundisha mume wangu mpaka akapata leseni.

Alipofika alitazama nyaya za umeme, akatazama ngazi, akatazama mkono wa mtoto. Hata salamu hakutoa.

"Mwanangu, ule mtihani wa leseni ulinakili kwa nani?"

Mama Mitambo akatueleza wote wawili. Redio inapotuma sauti, nguvu inakimbia ndani ya waya, na kwenye ncha ndipo inapokuwa kali zaidi. Hata waya wenye plastiki usiuamini. Na waya ukidondokea nyaya za umeme, umeme unaingia ndani hadi kwa aliyeshika redio. Ngazi na mlingoti wa kushikilia waya pia visimame mbali na nyaya hizo, mahali ambapo vikianguka havitazifikia.

"Kwa hiyo mwenye ua mdogo asiongee?" mume wangu akauliza.

"Aongee. Nani alikuambia waya lazima unyooke?"

Akachora chini kwa kijiti. Waya wa mita ishirini unatosha. Unapanda wima kwenye mlingoti wa mbao katika kona ya nyuma, halafu unakunjwa na kupita juu ya nyumba bila kugusa mabati. Ncha inafungwa kwa kamba ya nailoni, juu kabisa. Nyaya nyingine kadhaa zinafukiwa ardhini, zinatawanywa kadiri ua unavyoruhusu, na kuungwa kwenye redio, pale panapowekwa waya wa ardhini. Hauna nguvu kama waya mrefu ulionyooka, alisema, lakini unafika. Sehemu ya chini, ambapo mkono unafika, inaingizwa kwenye bomba la plastiki. Mvua ya radi ikinyemelea, waya unachomolewa kwenye redio mapema, na hakuna anayeugusa.

Akaniuliza mimi nataka nini. Nikasema nataka kamba yangu ya nguo isiguswe na kitu chochote cha redio.

Kazi ilichukua Jumapili mbili. Kabla redio haijawashwa, nilinyanyua fagio la mpini mrefu nikapita kila kona ya ua na kila dirisha. Halikuugusa waya popote. Ndipo nikaruhusu.

Jioni ile sauti ya shemeji ilisikika, nyembamba lakini safi. Binti yangu alikuwa uani anaruka kamba. Shemeji akauliza habari za watoto. Mume wangu akanigeukia. Nikamwambia aseme mwenyewe.

Akabonyeza kitufe cha kuongea, maana kwenye masafa hayo kila mwenye redio kama yake anasikia. "Wenzangu wenye ua mdogo, nisikilizeni. Niliweka waya chini, nikamuunguza binti yangu." Akaeleza yote, hadi ngazi.

Kisha ikaja sauti ya mtu nisiyemjua, wa mbali.

"Subirini kidogo," alisema. "Wangu uko usawa wa mlango. Naenda kuuondoa."