Pumba za Mpepetaji

Saa nane mchana, jua la kuchoma, antena elfu kumi za uwanda wa Kishapu zilikuwa zinasikiliza mbingu. Hazikuhitaji giza. Chembe moja, ndogo mno hata vumbi kwake ni jabali, ikitoka mbali kupita nyota zetu zote na kugonga hewa ya dunia, hupasuka ikawa mvua ya chembe. Mvua ile hutoa mlio wa redio, mfupi kuliko kupepesa jicho. Mashine iliyoitwa Mpepetaji ndiyo iliyochambua: milio ya mbinguni ikabaki, kelele za duniani zikaenda kwenye faili la pumba.

Kwa hiyo simu zilikatazwa uwandani. Iliruhusiwa bangili moja tu, ya Ngolo, binti wa miaka sita wa Mhandisi Minza, mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu. Hewa ikipungua katika damu yake, bangili iliita, antena zikapokea, Mpepetaji akampigia mama yake kengele.

Ila wiki hiyo iliita ovyo, hata mtoto akiruka kamba tu.

"Mama Ngolo, mwanao anatuchafulia mbingu," Luhende, mwenzake wa zamu, alimtania.

"Haya, leo tu naitia kwenye pumba. Si yuko kwa jirani, Mama Shija, anacheza."

Akabonyeza.

Saa tisa kasoro, kioo kizima cha Mpepetaji kikawaka. Chembe iliyoanza safari kabla dunia haijawa na mtu ilikuwa imepasuka juu ya Kishapu. Luhende alivua kofia. Minza machozi yalimtoka. Aliona kama Mungu amepiga hodi, na yeye ndiye aliyeisikia.

Mara mlango ukagongwa kweli. Mama Shija, miguu mitupu, kanga imelowa jasho.

"Wewe mwanamke! Nimembeba mtoto mgongoni mpaka zahanati. Kwani bangili haikukuita?"

Ngolo alipona, lakini mkono wa kulia haushiki kamba tena.

Minza aliporudi kazini, barua za pongezi zilimsubiri kutoka nchi za mbali. Hakuzifungua. Alifungua pumba. Bangili ilikuwa imeita mara kumi na tisa, kila wito safi kabisa, na saa yake, na umbali: mita mia nne kutoka kwenye kiti chake.

Jioni mtoto alimuuliza, "Mama, siku ile niliita?"

"Uliita, mwanangu."

"Sasa nani alinisikia?"

"Antena zote," alisema Minza. "Zote elfu kumi."